DAFTARI LA PUMU LIKAE NYUMBANI KWA MTOTO



Mtoto akibanwa na kifua usiku, mlango unaogongwa ni wa mganga. Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji, hapa mkoani Singida, na mara nyingi mlango huo ni wangu. Mama amembeba mtoto. Baba ameshika tochi. Mtoto anahema kama mtu aliyekimbia mwendo mrefu, na kifua chake kinalia kama filimbi. Nampa dawa. Akianza kupata nafuu nawauliza wazazi, "Ameanza lini?" Karibu wote hunijibu, "Ameanza leo jioni, daktari."

Basi tunakaa na kuzungumza taratibu. Mama anakumbuka kwamba mtoto amekuwa akikohoa alfajiri kwa muda wa wiki mbili. Baba anakumbuka kwamba juzi mtoto alichelewa kurudisha mbuzi, akachapwa kwa uvivu. Bibi anakumbuka kwamba tangu watu waanze kupura uwele, mjukuu wake hataki kucheza na wenzake. Kumbe ugonjwa ulikuwa nyumbani siku zote hizo. Watu watatu waliuona, lakini kila mmoja aliona kipande chake, na hakuna aliyeandika.

Maoni yangu ni haya. Pumu ya mtoto haiwezi kuangaliwa na zahanati peke yake. Mimi humwona mtoto kwa saa moja tu, tena siku ambayo amekwisha banwa. Ninyi mnaishi naye mchana na usiku. Kwa hiyo kila nyumba yenye mtoto wa pumu iwe na daftari la pumu. Tena dawa ya pumu ilale katika nyumba hiyo, isilale katika kabati la zahanati. Wapo wasiokubaliana nami, hata katika kazi yetu hii ya uganga. Nitawajibu.

PUMU NI NINI

Kwanza tuelewane. Hewa tunayovuta hupita katika mirija iliyo ndani ya kifua. Kwa mtu mwenye pumu, mirija hii ni myepesi kukasirika. Ikikasirika huvimba kwa ndani, hujikaza, na hutoa makohozi mazito. Njia ya hewa inakuwa nyembamba. Mtoto anapata shida zaidi wakati wa kutoa hewa, na ndipo tunaposikia ile filimbi.

Mtu mzima anayetaka kujua taabu hiyo achukue bua la jani la mpapai. Abane pua yake kwa vidole, ahemee ndani ya bua hilo kwa muda mfupi. Kisha abonyeze bua katikati, ahemee tena. Atafahamu kwa nini mtoto hawezi kukimbia.

Pumu haiambukizi. Mtoto mwenye pumu ale na wenzake, alale na wenzake, wala asitengewe kikombe. Mara nyingi pumu huonekana katika ukoo: baba alikuwa nayo, au shangazi, au bibi. Hilo ni jambo la damu. Mtoto hakurogwa, na jirani hana kosa.

Pia si kila kikohozi ni pumu. Mtoto akiwa na homa na anahema haraka, inaweza kuwa nimonia au malaria. Mtoto akikohoa kwa wiki 2 au zaidi, lazima achunguzwe pia kifua kikuu. Kwa hiyo jina la ugonjwa litolewe kwanza na mganga. Daftari linafuata baadaye.

Wengine wanadhani huu ni ugonjwa mdogo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo au kipato cha kati cha chini kama yetu, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa hazitoshi.

NCHI YETU NA KIFUA CHA MTOTO

Sisi watu wa Singida tunaijua nchi yetu. Mvua zikiisha mwezi Aprili au Mei, ardhi inakauka. Mwezi Juni na Julai asubuhi ni baridi kali. Kuanzia hapo mpaka Oktoba upepo hauna adabu. Unabeba vumbi kutoka mashambani na barabarani, unaliingiza katika chakula, nguo na macho. Wakati huohuo tunapura uwele na mtama, tunapepeta, tunapiga alizeti. Makapi yanaruka. Mtoto yuko papo hapo anacheza juu ya rundo.

Jioni tunaingia ndani. Nyumba ya tembe ni nzuri kwa baridi, nami sitaki kuidharau, maana nimelelewa ndani yake. Lakini tembe nyingi hazina madirisha ya kutosha. Mafiga yako ndani, kuni ni mbichi, na moshi hauna mahali pa kutokea. Pengine mbuzi na kuku wanalala upande wa pili wa ukuta. Mtoto wa pumu analala katikati ya mambo hayo yote.

Je, ni lipi kati ya hayo linalombana? Hapa ndipo watu wanapokosea. Mmoja anasema ni vumbi, mwingine anasema ni mayai. Nimemwona mtoto aliyekatazwa mayai, maziwa na karanga kwa maneno ya watu tu. Pumu haikupungua hata kidogo, ila mtoto alikonda. Watoto hawafanani. Huyu anabanwa na moshi, yule anabanwa na baridi ya alfajiri. Wengi sana hubanwa wakipata mafua. Wengine hubanwa na manyoya ya kuku, moshi wa sigara ya baba, moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma, au harufu ya dawa inayopulizwa kwenye vitunguu. Huwezi kujua kwa kubahatisha. Utajua kwa kuandika.

Mzee mmoja wa kijiji ninachofanyia kazi aliandika habari za mjukuu wake, msichana wa miaka 6, kwa muda wa wiki tano. Mzee huyu alijifunza kusoma ukubwani, na herufi zake ni kubwa kama mbegu za maboga. Alipoleta daftari tulihesabu pamoja. Usiku mbaya ulikuwa karibu kila Jumatano na kila Alhamisi. Siku nyingine mtoto alilala vizuri. Nikamwuliza, "Baba, Jumatano kuna nini nyumbani?" Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Jumatano mke wa mwanawe hupika pombe ya mtama kwa ajili ya gulio la Alhamisi. Moto huwaka ndani tangu asubuhi mpaka jioni, na mtoto hukaa karibu na mama yake.

Walihamisha mafiga nyuma ya nyumba, wakajenga kibanda chenye kuta fupi ili upepo usizime moto. Katika wiki nne zilizofuata mtoto aliamka usiku mara 2 tu. Mama hakuacha biashara yake. Pombe hiyo ndiyo iliyonunua daftari.

Mimi nisingeweza kuligundua jambo hilo. Zahanati haina Jumatano ya nyumba ya mtu.

JINSI YA KUANDIKA

Mama mmoja aliniambia, "Daktari, mimi nimejua kusoma juzi tu. Nitaandikaje habari za ugonjwa?" Nilimwuliza kama anayo kadi ya kliniki ya mtoto wake. Alikuwa nayo, imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Kina mama wa vijijini wamezitunza kadi hizo kwa miaka mingi, na wanajua kuona kama mstari wa uzito unapanda au unashuka. Anayeweza kutunza kadi ya kliniki anaweza kutunza daftari la pumu.

Daftari dogo la shule linatosha. Kila asubuhi andika mambo manne tu: usiku ulikuwaje, mtoto alicheza au hakucheza jana, alivuta dawa mara ngapi, na jambo gani lilitokea. Mfano:

Tarehe 4. Usiku: alikohoa kidogo, hakuamka. Mchezo: alicheza. Dawa: 0. Jambo: tulipura uwele.

Tarehe 5. Usiku: aliamka mara 2. Mchezo: alikaa chini. Dawa: mara 1. Jambo: upepo na vumbi.

Tarehe 6. Usiku: aliamka mara 1. Mchezo: alicheza kidogo. Dawa: mara 1. Jambo: ana mafua.

Asiyeweza kuandika maneno mengi achore. Duara tupu ni usiku mzuri. Duara lililojazwa wino ni usiku ambao mtoto aliamka. Mtoto mkubwa wa darasa la tatu au la nne aandike mwenyewe, mzazi akague. Nimeona watoto wanaipenda kazi hii kuliko kazi za mwalimu.

Baada ya wiki moja soma ulichoandika. Mtoto akiamka usiku kwa sababu ya kifua, au akihitaji dawa ya kufungua kifua zaidi ya siku 2 katika wiki, au akishindwa kucheza na wenzake, basi pumu yake haijatulia. Mlete zahanati mchana, wakati anatembea kwa miguu yake. Usingoje usiku ule wa tochi.

Jifunzeni pia kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, na vizuri zaidi awe amelala. Funua kifua chake. Tazama kinavyopanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika moja nzima kwa saa au kwa simu. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika pumzi 50 au zaidi, anahema haraka kupita kiasi. Mtoto wa mwaka 1 ambaye hajatimiza miaka 5, hesabu ni 40 au zaidi. Mtoto wa miaka 5 na kuendelea, akizidi 30 hali ametulia, mlete haraka.

Hesabu hiyo ifanyeni pia siku mtoto akiwa mzima, mkaiandike katika ukurasa wa kwanza. Siku akiugua mtakuwa na kitu cha kulinganisha.

Katika hospitali kubwa kipo kipimo cha kupuliza kinachoonyesha nguvu ya pumzi, nacho hufaa kwa mtoto aliyetimiza miaka 5 au 6. Vijijini hakipatikani kwa urahisi. Macho, masikio na daftari vinafanya kazi kubwa.

DAWA NA UOGA WA PAMPU

Dawa za pumu ziko za namna mbili, na kuzichanganya ni hatari. Ya kwanza ni ya kufungua kifua kilichobana. Inaitwa salbutamol. Hufanya kazi kwa dakika chache, lakini haiponyi uvimbe ulio ndani ya mirija. Ya pili ni ya kuzuia. Jina lake laweza kuwa beclomethasone au budesonide. Hiyo hutuliza uvimbe polepole, na ndiyo inayovutwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, kama mganga alivyoandika. Baada ya kuivuta mtoto asukutue maji na kuyatema.

Wengi huacha dawa ya kuzuia mara tu mtoto anapopata nafuu. Hapo wanakuwa kama mtu anayebomoa ukuta wa zizi kwa sababu fisi hajaja wiki hii.

Watu hutofautisha dawa hizi kwa rangi ya pampu. Rangi hubadilika kwa kila kiwanda. Soma jina. Kama umehitimu kisomo, sehemu ya kwanza ya kukitumia ni kwenye kichupa hicho. Soma pia tarehe ya mwisho wa dawa.

Sasa niseme juu ya uoga. Vijijini watu wanaiogopa sana pampu. Wanasema, "Akianza pampu hataacha," au "Fulani alikufa na pampu mkononi." Ni kweli wapo waliokufa na pampu mkononi. Wengi wao walikuwa na ugonjwa mkali, walichelewa kufika hospitali, au walitegemea dawa ya kufungua peke yake bila ile ya kuzuia. Pampu hupeleka dawa kidogo moja kwa moja kifuani. Kidonge hupita tumboni kwanza, huzunguka mwili mzima, hutetemesha mikono na kufanya moyo uende mbio, na huchelewa. Kwa hiyo mwenye kuiogopa pampu akachagua vidonge anakimbia kidogo na kuingia kwenye kikubwa.

Shida ya watoto ni kwamba hawawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Dawa inabaki mdomoni. Dawa ya shida hiyo ni chupa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walitangaza kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitengenezwa vizuri, ilisaidia watoto waliobanwa sawa na kile chombo cha kununua. Chupa huoshwa kwa sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa. Kwenye kitako hutobolewa tundu kwa waya wa moto, lenye umbo lilelile la mdomo wa pampu, ili hewa isipite pembeni. Pampu inaingizwa hapo. Mtoto anabana midomo yake kwenye mdomo wa chupa. Unatikisa pampu, unapuliza mara moja, naye anahemea ndani ya chupa taratibu mara 5 au 6. Kisha mpulizo wa pili, vivyo hivyo. Mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo huhitaji chombo chenye kikofia cha kufunika pua na mdomo. Mara ya kwanza njooni tuitengeneze pamoja zahanati, maana tundu likizidi dawa yote hutoroka.

Hesabu mipulizo katika daftari. Pampu nyingi za salbutamol zina mipulizo 200. Ikiisha dawa, kichupa bado hutoa upepo, na mzazi anadhani anatibu kumbe anapuliza hewa tupu. Ukifika 150 anza kutafuta nyingine.

Sasa nawajibu wale wenzangu. Wanasema mwanakijiji asikae na pampu, atazidisha. Mimi nauliza: nani anaogesha ng'ombe wetu? Ni mwanakijiji huyohuyo. Anapima dawa ya kupe kwa kifuniko, anachanganya na maji kwa lita, na ng'ombe hawafi. Aliyeaminiwa kupima sumu aaminiwe kuhesabu mipulizo miwili. Na zahanati ikiwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, pampu iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtoto saa nane za usiku.

Ila ni kweli kwamba pampu hazipatikani kila zahanati. Jambo hili halitaondoka kwa kulalamika chini ya mti. Zahanati huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa kufuata hesabu ya wagonjwa. Kama watoto wanaobanwa wameandikwa "kikohozi" tu, au hawakuandikwa kabisa kwa sababu walipona nyumbani, nani atajua kwamba kijiji kina watoto saba wa pumu? Madaftari saba yakiletwa mbele ya kamati ya afya na serikali ya kijiji, ni ushahidi. Wajumbe hawawezi kusema hawajui.

USIKU WA HATARI

Haya yasomeni mara mbili, na aliye nyumbani asiyejua kusoma asomewe.

Mtoto akibanwa, mkalishe wima. Usimlaze. Legeza nguo, mtoe kwenye moshi, nena naye kwa utulivu. Mpe mipulizo 2 ya salbutamol kwa chupa, mmoja mmoja. Asipopata nafuu, rudia baada ya dakika 20, na tena baada ya dakika 20 nyingine, huku safari ya kwenda zahanati imekwisha anza. Hata akipata nafuu, kama anabanwa tena kabla ya saa 4 kupita, mlete.

Usingoje dakika hata moja ukiona haya: nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, hawezi kusema sentensi, au mchanga hawezi kunyonya, midomo au ulimi unakuwa wa buluu au wa kijivu, analegea na kusinzia, au filimbi imenyamaza ghafla na mtoto hajapata nafuu. Hilo la mwisho huwadanganya wengi. Wanasema, "Afadhali, kifua kimenyamaza." Kifua kimenyamaza kwa sababu hewa haipiti.

Nyuma ya daftari andikeni namba ya simu ya kijana mwenye pikipiki, na mpatane naye mchana kuhusu nauli. Usiku si wakati wa kupatana.

Msimpe mtoto mafuta ya taa. Yakiingia mapafuni huua. Msimfukize kwa majani, maana huo ni moshi juu ya moshi. Msimchanje chale kifuani.

Na kuna jambo la kimeo. Wazee wangu mniwie radhi, mimi ni kijana wenu, lakini hili nitalisema wazi. Mtoto anakohoa kila usiku, watu wanamfungua kinywa, wanasema kimeo kimerefuka, anapelekwa kukatwa. Kimeo ni kinyama kidogo cha kooni ambacho kila mtu anacho. Hakina kazi yoyote na pumu. Pumu iko chini, ndani ya mirija ya kifua. Kukata kimeo ni sawa na kukata kamba ya kengele kwa sababu ng'ombe anaumwa mguu. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda, au kuambukizwa Virusi vya UKIMWI kwa kisu kilichotumika kwa wengine. Kikohozi nacho kinarudi palepale. Wakati mwingine huonekana kama kimepona, kwa kuwa pumu ina tabia ya kuja na kuondoka yenyewe, na fundi wa kimeo anapata sifa. Daftari lingeonyesha kwamba kilirudi baada ya wiki tatu.

SHULE NA KINA BABA

Walimu nao waambiwe. Watoto wa shule za msingi hukimbia mchakamchaka asubuhi, wakati wa baridi na vumbi. Mtoto wa pumu anabaki nyuma, anakohoa, pengine anapigwa. Mzazi aende na daftari, amwonyeshe mwalimu. Pampu iwe ndani ya mfuko wa mtoto au mezani kwa mwalimu. Sisemi mtoto azuiwe kucheza. Mtoto ambaye pumu yake imetulia anaweza kukimbia kama wengine, na wapo wakimbiaji wakubwa duniani wenye pumu. Mtoto afagie? Ndiyo, lakini maji yanyunyizwe kwanza.

Kina baba, daftari si kazi ya mama peke yake. Mafiga hayahami bila tofali, na tofali si mzigo wa mama. Dirisha linatobolewa na baba. Sigara inavutwa na baba. Kuni zikatwe mapema zikauke kabla ya mvua. Mbuzi wajengewe banda lao. Blanketi la mtoto lianikwe juani kila wiki.

Wazee wanakumbuka mwaka 1973, Radio Tanzania ilipotangaza vipindi vya Mtu ni Afya. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma, kisha wakainuka na kuchimba vyoo. Hawakungoja mtu wa kutoka mjini aje na jembe. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo. Naliunga mkono. Lakini mtungi wa gesi bado ni ghali kwa mkulima wa uwele, na mtoto anayekohoa mwaka huu hawezi kungoja mwaka 2034. Kuhamisha mafiga nje ni kazi ya siku mbili.

Wazazi mtakaokuja kliniki, njooni na vitu vitatu: daftari, pampu na ile chupa. Nitaomba mtoto avute mbele yangu, ili nione kama dawa inaingia kifuani au inabaki mdomoni. Nitahesabu usiku alioamka. Nikiona ni mwingi tutaongeza dawa ya kuzuia, au nitamwandikia barua ya kwenda hospitali, na daftari litakwenda naye ili daktari wa huko naye alisome. Nikiona ni mchache, miezi ikipita, twaweza kupunguza dawa. Tarehe ya kurudi tutaiandika humo humo.